Areli ya Gari la Marehemu



Mwanamume akifariki akaacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na wazazi wake wakiwa wamekwisha kumtangulia, hesabu ya mirathi yake haina utata. Hulipwa madeni, hutekelezwa wasia, kisha kilichobaki hugawanywa mafungu 40: mke 5, kila mtoto wa kiume 14, na wa kike 7. Fedha hugawanyika hivyo, na shamba nalo hugawanyika, japo kwa maneno mengi. Gari haligawanyiki. Huuzwa, ikagawanywa thamani yake, na hapo kila kasoro ya gari hilo, hata iwe ndogo kama areli, huwa na haki za watu ndani yake.

Nasema areli kwa sababu ndiyo iliyonipeleka bara mwaka jana. Vijana huiita antena.

Dada yangu anifuataye ziwa aliolewa miaka mingi iliyopita, na mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifungua duka la nguo Kapkatet, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Kericho kupitia Litein kuelekea Kaplong na Sotik. Asiyepajua na afahamu kuwa ile ni nchi ya chai. Vilima vimevishwa kijani mpaka jicho linachoka, na chai imekatwa usawa kana kwamba mtu alipitisha mkasi juu ya zulia. Kuna kiwanda cha wakulima wadogo, kuna hospitali, kuna soko, na kuna Waislamu wachache wanaojuana kwa majina na kwa sauti. Mahali penyewe ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani akifika huko mwezi wa Julai huvaa sweta ndani ya kanzu, kisha huihamishia juu ya kanzu, na bado hajui lililo bora. Mvua hunyesha alasiri, na nchi ya Kericho ni maarufu kwa mvua ya mawe. Mkulima huiogopa kwa kuwa huchana majani machanga. Mwenye gari naye ana khofu yake.

Gari la shemeji yangu lilikuwa Toyota Celica la mwaka 1991, la milango miwili, lililoshushwa bandarini Kilindini likiwa limekwisha kutumika Japani. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa Celica ni nini. Ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, ikashinda tena 1990, na kuanzia 1992 hadi 1995 haikumpisha mwingine. Mwaka 1994 aliyeshika usukani ni Mkenya mwenzetu, Ian Duncan. Siku hizo mashindano yalikuwa ya Pasaka, na watu walisimama kando ya barabara tangu alfajiri kungojea vumbi. Ile ya shemeji haikuwa ya mashindano. Ilikuwa ndugu yake wa nyumbani, isiyo na turbo, inayovutwa na magurudumu ya mbele. Lakini taa zake za mbele zilikuwa zile zinazolala ndani ya bodi, na ukiziwasha huinuka kama mtu afumbuaye macho. Na areli yake ilikuwa ya umeme.

Kila baada ya swala ya magharibi, kabla ya kuingia ndani, marehemu alikaa garini kusikiliza taarifa ya habari ya saa moja katika Idhaa ya Taifa ya KBC. Dada alikuwa na redio jikoni, lakini mzee hakuitaka hiyo. Akibonyeza kitufe, areli ilichomoza nyuma, ubavuni mwa buti, ikapanda taratibu, kipande baada ya kipande. Kitinda mimba wake alikuwa akisimama pale ameinua kidole, na kwa miaka miwili mitatu aliamini kwamba kidole chake ndicho kinachoivuta. Baba yake hakumwambia kinyume.

Baada ya msiba gari lilikaa miezi saba chini ya mparachichi. Siku mpwa wangu mkubwa alipolitia moto, redio ilikuwa imeachwa wazi. Areli ikapanda, ikakutana na tawi, ikapinda. Alipozima, mota ililia ndani ya bodi, krrr, kama kinu cha kahawa, na areli ikabaki nje kiasi cha shubiri moja na nusu, imeinama. Wakati huo mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, mwalimu wa shule wa upande wa Litein, aliyelipenda gari tangu likiwa linapita barabarani. Hati ya kusimamia mirathi ilikwisha kutoka mahakamani. Kilichobaki ni mwalimu kuja kulitazama na kulipa.

Ushauri ulikuja wa kila namna. Fundi mmoja alisema inunuliwe areli nzima pamoja na mota yake, shilingi 14,000. Jirani akasema ifungwe ile ya kusimama, ya shilingi 600, yamalizike. Mpwa wangu naye alinipigia simu Mombasa na rai yake.

"Mjomba, tuikate. Tuzibe tundu kwa bati, tupige pati na rangi. Nani atajua kama palikuwa na kitu?"

Nilimkumbusha kwamba katika vitabu vya fiqhi, kwenye milango ya biashara, mna maneno marefu juu ya aibu ya kitu kiuzwacho. Muuzaji aijuaye aibu hana ruhusa ya kuinyamazia, na mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kukirudisha kitu. Kijana si mjinga, wala si mwizi. Ana miaka 24 na alikuwa na haraka. Akasema, basi tumwambie mwalimu kuwa imevunjika, naye apunguze bei.

Mama yake alikuwa anasikiliza kando. Akaichukua ile simu.

"Apunguze ya nani? Katika kila elfu moja atakayopunguza, mia tatu na hamsini ni za mtoto huyu mdogo. Wewe umemuuliza?"

Dada yangu hakusoma sana madrasa, lakini hesabu hiyo aliifanya kichwani, na ni sahihi. Mtoto wa miaka 11 hawezi kutoa ridhaa juu ya mali yake. Anayemsimamia hutakiwa kuangalia maslahi yake kwanza, asitoe cha mtoto kwa sababu ya wepesi wa wakubwa. Na kwa mzani huo huo, kutoa 14,000 katika tarika kwa ajili ya areli ya gari la miaka zaidi ya 30 lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Dada akasema kitakachonunuliwa atakinunua yeye, kwa fedha zake za kushona, na asihesabiwe deni. Kisha akanambia, "Kaka, njoo ulisimamie hili mpaka liishe."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo alinieleza nilipofika. Yule mdogo aliomba gari lisiuzwe. Walipomfahamisha kwa nini litauzwa, alinyamaza siku mbili, kisha akaomba areli ipande walau siku moja kabla halijaondoka.

Wasomaji wengine watastaajabu kwamba sheikh anajua habari za mota. Nilipokuwa kijana, nikitoka chuoni alasiri nilikwenda kwenye kibanda cha mjomba wangu Mwembe Tayari, akitengeneza redio, na kwa miaka minne nilishika chuma cha kulehemu kabla ya kushika kalamu. Areli za magari zilitujia nyingi. Chumvi ya bahari haizipendi.

Areli ya umeme si kitu cha ajabu ukiifungua. Chini ya mlingoti, ndani ya bodi, kuna kisanduku chenye mota ndogo na kijigurudumu cha meno. Mlingoti wenyewe ni mabomba membamba yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, na tumboni mwake umepita utepe wa nailoni wenye meno upande mmoja, mfano wa msumeno laini. Kijigurudumu hushika meno hayo. Mota ikizunguka huku, husukuma utepe na mlingoti ukapanda. Ikizunguka kule, huuvuta na kuukunja ndani ya kisanduku kama mvuvi akunjavyo mshipi. Waya kwa kawaida ni tatu: mmoja wa moto wa daima utokao kwenye betri, mmoja wa kugusa bodi, na mmoja utokao redioni, ambao kazi yake ni kupeleka habari tu kwamba redio imewashwa au imezimwa. Pembeni mna kebo ya kuyafikisha mawimbi redioni.

Kinachokufa mara nyingi ni utepe. Nailoni ikizeeka hukauka, na siku mlingoti ukikwama, meno hukatika au utepe wote hukatika. Watu husikia mota inalia wakadhani imeharibika, wakanunua kisanduku kizima. Mota inayolia ni mota inayozunguka. Ile iliyo kimya ndiyo ya kutiliwa shaka, na hata hiyo itazamwe fyuzi kwanza. Kwa hiyo ile krrr ya mpwa wangu ilikuwa bishara njema: tulihitaji mlingoti na utepe wake tu, ambao huuzwa peke yake.

Ipo sababu pia kwa nini areli ya kipande haifai. Mawimbi ya FM ya masafa ya megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na areli ya gari hupokea vizuri ikikaribia robo ya urefu huo, yaani sentimita 75. Ukibaki na shubiri moja na nusu, tena katika mji ulio kati ya vilima vinavyokinga mawimbi, utapata mkwaruzo na kipande cha wimbo.

Tuliunyosha mlingoti wa zamani tukaupima, tukahesabu vipande vyake, tukapima na upana wa utepe. Picha zikatumwa kwa simu kwa muuza vipuri mmoja wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambako kipuri cha gari kikikosekana mtu hukata tamaa. Dada akalipa shilingi 2,800 kwa M-Pesa, na kifurushi kikaja kwa matatu. Utepe uliokuja ulikuwa mpana kuliko njia yake. Ukarudishwa, na siku nne zikapita kwa hilo. Siku hizo nilisalisha, nilizungumza na vijana, na nilikunywa chai ya Kapkatet, ambayo nusu yake ni maziwa na wala silalamiki.

Kifurushi cha pili kilifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi tukaanza.

Nilikwenda kuazima koleo la mdomo mrefu kwa fundi wa jua kali aliye karibu na stendi. "Chamgei," nikamwamkia. "Mising," akajibu, akataka kujua mzee wa kanzu ataifanyia nini koleo. Nilipomweleza alifunga kibanda akafuatana nami. Hakutaka malipo, alitaka kuona.

Tulichomoa waya wa betri. Ndani ya buti tuliondoa kifuniko cha pembeni, na kisanduku kikaonekana, kimeshikwa kwa boliti moja chini na nati ya duara juu, nje ya bodi. Nati hiyo ina vijitundu viwili na ndiyo kazi ya lile koleo. Ukiikwangua kwa bisibisi utaacha alama kwenye rangi ambazo hazifutiki. Lau utepe ungekuwa mzima, tusingelazimika kutoa kisanduku. Ungefungua nati, ukawasha redio, na mota yenyewe ingeutapika mlingoti wote nje. Wetu ulikatikia ndani, na kipande kilichobaki lazima kitolewe kwa mkono.

Mrija wa kutolea maji chini ya kisanduku ulikuwa umeziba kwa udongo mwekundu na majani ya mparachichi yaliyooza. Fundi akautazama, akatikisa kichwa. Kila areli ya namna hii huingiza maji kidogo mvua ikinyesha, na mrija huo ndio njia yake ya kutoka. Ukiziba, maji hukaa na mota. Miezi saba ya mvua ya Kericho ilikuwa imefika nusu ya kisanduku, na kutu ilikwisha kuanza kwenye skrubu. Tungechelewa msimu mmoja zaidi, hata mota isingesalimika. Tukapuliza mrija, tukaupitisha waya mpaka maji safi yakapita.

Kisha kisanduku kikafunguliwa juu ya gazeti. Kipande cha utepe kilikuwa kimejikunja humo, urefu wa dhiraa moja hivi, na grisi ya zamani imekuwa ngumu kama sabuni. Tukasafisha, tukapaka grisi mpya kidogo kwenye kijigurudumu, tukafunga, tukarudisha kila kitu mahali pake, na waya wa betri vile vile.

Kazi ya kuingiza utepe mpya inataka watu wawili, mmoja redioni na mmoja nyuma. Sikuhitaji kuchagua. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba yake tangu tulipofungua buti.

Utepe mpya ulikuja umekunjwa, na ncha yake ilikuwa imepinda, ikawa haishikwi na kijigurudumu. Binti wa dada yangu akaleta bakuli la maji ya moto, tukautumbukiza mpaka ukalainika, tukaunyosha kwa kitambaa. Ukaingizwa tena, meno yakielekea upande wa mota. "Washa," nikasema, na nikasikia mota inazunguka. "Zima." Safari hii utepe ulinitoka mkononi. Ulivutwa ndani polepole, kwa nguvu isiyokatika, nami nikiushika mlingoti usimame wima ili usiingie kwa kuinama. Vipande vikaingia kimoja kimoja, kikabaki kijiti cha juu kama kifungo. Tukakaza nati.

"Washa tena, mwanangu."

Ikapanda mpaka mwisho wake. Mtoto akamwachia dada yake kitufe, akatoka garini akaenda kusimama nyuma, pale alipokuwa akisimama. Hakuinua kidole, maana ana miaka 11 na anajua habari za mota. Alisimama tu akaitazama ikishuka na kupanda, akamwambia dada yake arudie, naye akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa majaribio. Fundi alinitazama, nami nikajifanya natafuta bisibisi.

Redio ilianza na stesheni za Kikalenjin, safi, bila mkwaruzo. Hapa nieleze jambo litakalowafaa wenye magari yatokayo Japani. Huko FM ya kawaida ni megahezi 76 hadi 90, na kwetu ni 88 hadi 108. Ndiyo maana magari hayo hushika stesheni chache mpaka yafungwe kisanduku kidogo cha kubadilisha masafa. Wengi hulaumu areli kwa kosa hilo. Shemeji alikifunga kisanduku chake Mombasa, kabla gari halijapanda bara.

Na kwa wale wa kwetu pwani wenye areli za aina hii: ipanguseni kwa kitambaa laini kikavu kila wiki ikiwa imesimama, kisha tone la mafuta mepesi. Msipake grisi kwenye mlingoti, kwa maana hushika mchanga, na mchanga ndio unaokata meno. Redio izimwe kabla ya kuosha gari na kabla ya kuingia mahali pa chini. Na mrija wa maji, tafadhalini, atazamwe nao kabla ya masika.

Jioni ile, baada ya magharibi, dada yangu alijitanda leso, akatoka, akaketi kiti cha abiria. Watoto wakajibana nyuma, ambako hakutoshi hata paka wawili. Taarifa ya saa moja ikasomwa. Mimi nilibaki barazani. Sikuisikia yote, na wao hawakuwa wakizungumza.

Mwalimu alikuja Jumatatu. Mpwa wangu mkubwa alimweleza mwenyewe, bila mimi kumwashiria: areli si ya asili, mlingoti na utepe ni vipya, mota ni ile ile na iliwahi kukaa na maji, kioo cha kulia hushuka kwa taabu, gari lilisimama miezi saba. Mwalimu alifungua boneti, akalala chini akatazama, akaliendesha mpaka Litein na kurudi. Juu ya areli hakusema neno. Juu ya kioo alisema mengi, na bei ikateremka kutoka 330,000 hadi 320,000. Fungu moja likawa 8,000. Mama 40,000, binti 56,000, kila mvulana 112,000. Fungu la mdogo liliwekwa benki kwa jina lake, katika akaunti isiyo na riba, mbele ya mashahidi wawili.

Kabla hajaondoka, mwalimu alimwita mtoto akamuuliza kama kuna lolote kuhusu gari hilo ambalo wakubwa wamesahau kumwambia. Mtoto akafikiri. Akasema asiwashe redio chini ya miti.

Mlingoti wa zamani haukutupwa. Vipande vyake vitatu vya chini vilikuwa vizima, na dada yangu ameufunga kulabu ya waya nchani. Anautumia dukani kuteremshia madera yaliyoning'inizwa juu, ambayo zamani alimwita marehemu aje kumshushia.